Sura ya 7: Kitabu kwa Bei ya Bando

Swali hili hunifikia kwa sauti mbalimbali, kutoka kwa wanafunzi wa Malimbe na kutoka kwa akina mama wenye maduka ya dawa Buzuruga, hapa Mwanza, lakini ni lilelile: "Hivi vitabu vya bei chee vya kusoma kwenye simu vinapatikana wapi?"

Wanaouliza hivyo ni walevi wa vitabu. Wamemaliza vya kwao, wamemaliza vya kuazima, na bei ya dukani haiendani na kasi yao ya kusoma. Mtu anayemaliza riwaya kwa siku mbili hawezi kununua kila riwaya mpya, hata awe na mshahara.

Jibu fupi ni hili: vya Kiingereza vimejaa tele, vingine bure kabisa, vya Kiswahili ni haba, na humwendea anayejua pa kugonga. Jibu refu ndilo sura hii. Ila nitaanzia upande ambao wengi hawauanzii. Jina la kitabu kwanza, bei baadaye. Anayetanguliza bei huwa kama mtu aliyenunua viatu kwa sababu vimeshushwa, akafika navyo nyumbani akakuta si namba yake. Simu za watu wengi zina mafaili mamia ya vitabu ambavyo havijafunguliwa hata mara moja, na vyote vilipatikana bure.

Sofkopi ni nini hasa

Sofkopi, au kitabu pepe, ni faili tu. Huja kwa maumbo mawili makuu, na kuyatofautisha kutakuokolea macho na fedha.

PDF ni ukurasa uliogandishwa. Jinsi ulivyopangwa kwenye karatasi ndivyo unavyobaki kwenye kioo cha simu, herufi zikawa kama mchanga. Ukivuta ukurasa ukue, mstari unatoka nje ya kioo, unaanza kusukuma kushoto na kulia. EPUB ni maandishi yanayojipanga upya kufuata kioo ulichonacho. Ukikuza herufi, mistari inahama yenyewe. Anayesomea simu achague EPUB kila anapopewa nafasi ya kuchagua, na PDF awaachie wenye kompyuta.

Kuna pia suala la uzito. Riwaya ya kurasa 300 isiyo na picha, ikiwa EPUB, mara nyingi haifiki MB 2. Riwaya hiyohiyo ikipigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kufanywa PDF, inaweza kupita MB 50. Dakika chache za video hula zaidi ya kitabu kizima cha EPUB, kitabu ambacho kingekutosha wiki. Na kikishashuka hakidai mtandao tena. Msafiri wa meli ya Nansio anajua maana yake: mawimbi ya simu yanakatika katikati ya ziwa, kitabu kinaendelea.

Utahitaji programu ya kufungulia. ReadEra ni ya bure, haina matangazo, na inafungua maumbo yote mawili. Google Play Books nayo inafaa, na inakumbuka ulipoishia hata ukibadilisha simu.

Vipo pia vifaa maalumu vya kusomea, maarufu zaidi kikiwa Kindle cha Amazon, kilichoanza kuuzwa mwaka 2007. Kioo chake kinatumia wino wa kielektroniki: chembe nyeusi na nyeupe zinazosogea na kutulia, bila mwanga unaochoma macho, ndiyo maana chaji yake hudumu wiki kadhaa na unaweza kusoma juani kama gazeti. Ni kifaa kizuri. Lakini bei yake ingenunua rafu ya vitabu, na sioni sababu ya kukinunua kabla simu uliyonayo haijathibitisha kwamba kweli unasoma.

*Kwa ufupi: tafuta EPUB, pakua ukiwa na mtandao, soma ukiwa huna, kifaa maalumu kinaweza kusubiri.*

Anzia Ukerewe

Sasa jina la kitabu. Mkazi wa Mwanza ana bahati ambayo haitangazwi vya kutosha. Kisiwa kile cha Ukerewe anachokipandia meli kwenda kumsalimia shangazi kimetoa waandishi watatu ambao huwezi kuisimulia riwaya ya Kiswahili ukawaruka.

Wa kwanza ni Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya mume na mke wasiopata mtoto, katika Ukerewe ya kabla ya wakoloni. Hakupatikana mchapishaji wa kitabu kinene namna ile katika lugha yenye wasomaji wachache. Miaka ikapita, mwandishi akazeeka, baridi yabisi ikamkamata viungo. Baadaye akashauriwa akitafsiri kwa Kiswahili. Akakitafsiri mwenyewe, kwa mkono wake. Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1980, majuzuu mawili: *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali*. Kitereza alifariki mwaka 1981, nakala zikiwa bado hazijamfikia.

Nakisifu kitabu hiki kwa watu wanaosema riwaya za Kiswahili zinawachosha, nao huniangalia kwa mashaka wakiona unene wake. Wajaribu tu. Wakwe wanamchukua binti yao kwa sababu ndoa haina mtoto, na mume inambidi aende kuomba mke wake arudi, atozwe faini ya pombe ya ndizi, ahangaike kuitengeneza. Ndani yake kuna uvuvi, uwindaji, tiba, matusi ya kirafiki, na adabu ya kumkaribisha mgeni mlangoni hatua kwa hatua. Ni kitabu cha kusoma taratibu, kurasa chache kila usiku. Anayekisoma kwa haraka ya riwaya ya kijasusi atakiacha njiani.

Wa pili ni Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, 1944. Wengi walilazimishwa kumsoma shuleni wakamaliza mtihani na kumwaga yote. Namshauri mtu mzima arudi kwake kwa mpangilio huu: *Rosa Mistika* (1971), msichana wa Namagondo na baba mkali mlevi, kitabu kilichopigwa marufuku mashuleni kwa muda kisha kikaja kuwa cha mtihani, halafu *Kichwamaji* (1974), halafu *Gamba la Nyoka* (1979), kuhusu watu walivyohamishiwa vijiji vya Ujamaa. *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991) viwe vya mwisho. Ni vyembamba mno, na wembamba huo unadanganya: unaweza kufika ukurasa wa mwisho ukarudi wa kwanza kuuliza umesoma nini. Anayeanza na hivyo viwili kwa sababu ni vifupi, humkimbia Kezilahabi moja kwa moja.

Wa tatu, Gabriel Ruhumbika, aliandika *Miradi Bubu ya Wazalendo* (1992), kuhusu nani aliyekula matunda ya Uhuru na nani aliyebaki na jasho lake. Ndiye pia aliyemtafsiri Kitereza kwa Kiingereza, kazi iliyotoka mwaka 2002 kwa Mkuki na Nyota.

Nimewataja hawa kwa undani kwa sababu ushauri wa vitabu ulio bora huanzia karibu. Ukisoma riwaya inayotaja njia unayoipita, unasoma kwa macho mengine. Unabishana na mwandishi, unamsahihisha, unacheka mahali ambapo msomaji wa Tanga hatacheka.

Baada ya hapo, nani akushauri?

Mitandao ya kuuza vitabu ina mashine za kupendekeza: ukinunua hiki, wanakuonyesha kile ambacho wanunuzi wenzako walichukua. Kwa Kiingereza mashine hizo zinafanya kazi vizuri kiasi. Kwa Kiswahili hazina cha kushika, maana wanunuzi ni wachache na vitabu vyenyewe havimo. Kwa hiyo tunarudi kwa binadamu, na kwa tuzo.

Tuzo ni kundi la watu waliolipwa kusoma miswada mingi ili wewe usome mmoja. Tuzo ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, sasa Safal-Cornell, imeibua riwaya ambazo zisingejulikana. *Mungu Hakopeshwi* ya Zainab Alwi Baharoon, iliyoshinda mwaka 2018, ni mfano ninaoupenda. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilianza kutolewa mwaka 2023. Fuata orodha za washindi, na usiwadharau wa pili na wa tatu.

Njia nyingine ni kumfuata mtafsiri. Ida Hadjivayanis alipomleta Abdulrazak Gurnah kwa Kiswahili kwa kitabu cha *Peponi* (2022), mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Nobeli, wasomaji waliozoea kusikia jina tu walipata mlango. Mtafsiri mzuri huchagua vizuri.

Halafu kuna kionjo. Maduka makubwa ya vitabu pepe hukuruhusu kupakua kurasa za mwanzo bure kabla ya kulipa. Soma kionjo chote. Kama hukuhuzunika kilipokatika, usinunue, hata kama bei ni senti.

Bei inaposhuka

Tugawe vitabu vya bure na vya bei ndogo, maana njia zake ni tofauti.

Vya bure na halali:

- Project Gutenberg, iliyoanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, ina vitabu zaidi ya 70,000 ambavyo haki zake zimekwisha muda Marekani. Karibu vyote ni vya lugha za Ulaya na vya zamani: Dickens, Tolstoy, Conan Doyle. EPUB safi, bila kujisajili.
- Internet Archive ina skani za vitabu vikuukuu, vikiwemo vya Kiswahili: ngano alizozikusanya Edward Steere Unguja na kuzichapisha mwaka 1870, na *Desturi za Wasuaheli* ya mwaka 1903, ambayo sehemu kubwa yake ni kalamu ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Hizi ni PDF nzito. Zipakue ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo.
- African Storybook na StoryWeaver zina hadithi za watoto kwa Kiswahili, zenye picha, na leseni yake inaruhusu kupakua na kugawa. Mzazi mwenye watoto wa darasa la kwanza hadi la nne hana haja ya kuendelea kutafuta.
- Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada vya shule.

Vya bei ndogo vinataka subira. Wachapishaji wa Ulaya na Marekani hushusha bei ya kitabu pepe kwa siku chache, kutoka dola 10 au zaidi hadi dola 2 au hata chini ya 1, ili kuwavuta wasomaji kwenye kitabu cha kwanza cha mfululizo. BookBub, iliyoanza mwaka 2012, kazi yake ni kukutumia barua pepe kila siku yenye ofa za aina ya vitabu ulivyochagua. Haiuzi kitabu; inakuelekeza dukani. Tatizo ni mipaka. Haki ya kuuza kitabu hutolewa nchi kwa nchi, na ofa iliyotangazwa kwa wasomaji wa Marekani inaweza isionekane kabisa ukiwa Mwanza, au ionekane kwa bei kamili. Angalia bei ya mwisho kabla ya kubonyeza, siyo bei ya kwenye tangazo.

Malipo zamani yalikuwa ukuta. Sasa mitandao ya simu inatoa kadi pepe, yaani namba ya kadi isiyo na plastiki inayochota kwenye pochi yako ya simu. Iwekee kiasi cha kitabu kimoja tu. Hii ni dawa nzuri kwa walevi, maana duka linalokumbuka kadi yako yenye salio litakuuzia vitabu vitano usiku ambao ulitaka kimoja.

Na ujue unachonunua. Vitabu vingi vya madukani vina kufuli ya kidijitali: kila kimoja kinafunguka kwenye programu ya duka lililokiuza tu, huwezi kumpa ndugu yako akimaliza kuosha vyombo asome. Mwaka 2009 Amazon ilifuta kwa mbali, ndani ya Kindle za wateja, nakala za riwaya ya George Orwell iitwayo *1984*, kwa sababu aliyeziuza hakuwa na haki. Wateja walirudishiwa fedha, na Amazon ikaomba radhi. Kitabu cha karatasi hakijawahi kuondoka rafuni chenyewe.

Ndiyo maana sidharau maktaba. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania iliundwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Mwanza ina maktaba yake ya mkoa. Msomaji anayemaliza vitabu vingi kwa mwezi akiwa mwanachama, hakuna ofa ya mtandaoni itakayomshinda kwa bei. Hapo pia ndipo pa kuulizia majuzuu mawili ya Kitereza kabla ya kuhangaika kwingine.

*Kwa ufupi: vya zamani chukua bure, vya kigeni vipya subiri ofa, vya Kiswahili ulizia maktaba kwanza.*

Kwa nini vya Kiswahili ni haba

Swali hili linawauma wasomaji, na lawama huenda kwa wachapishaji. Sehemu ya lawama ni haki yao. Lakini tazama *Rosa Mistika*. Ilichapwa na East African Literature Bureau, chombo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, na chombo kikafa pamoja nayo. Vitabu vya miaka hiyo vilipangwa kabla ya kompyuta. Hakuna faili popote, mtu lazima akae achape upya au askani na kusahihisha neno kwa neno. Mikataba ya 1971 haikuwazia simu, kwa hiyo lazima kukubaliana upya, mara nyingine na warithi. Halafu mchapishaji anapiga hesabu: chakula chake kinatoka kwenye vitabu vya shule, na sofkopi moja ikivuja kwenye grupu, soko limekwisha.

Hata hivyo milango ipo. Mkuki na Nyota, iliyoanzishwa na Walter Bgoya mwaka 1991, huuza sehemu ya vitabu vyake nje kupitia African Books Collective, umoja wa wachapishaji wa Kiafrika wenye makao Oxford, ambao una pia vitabu pepe. Bei zake zimepangwa kwa mfuko wa vyuo vya nje, kwa hiyo linganisha kwanza. Tuseme kitabu cha karatasi ni shilingi 15,000 Dar es Salaam na kukituma kwa basi ni 5,000; sofkopi ya dola 15 itakuwa imekugharimu zaidi ya karatasi iliyofika mkononi. Wasomaji wa Nyegezi wakiagiza pamoja vitabu sita kwenye kifurushi kimoja, nauli inagawanyika na mjadala unapatikana.

Mlango mwingine hauna jalada wala namba ya kitabu: simulizi za simu. Mwandishi anaachia sehemu za mwanzo bure kwenye Facebook au WhatsApp, anakata pale mtu anapofungua mlango akakuta asichotarajia, kisha anataja namba ya kulipia. Unatuma kiasi kidogo, unapata iliyobaki. Wasomi wanaguna, lakini mbinu ni ya zamani. Eric Shigongo, mtu wa Buchosa ng'ambo hii ya ziwa, aliyechaguliwa kuwa mbunge wa huko mwaka 2020, alijenga wasomaji wake kwa hadithi za kuendelea kwenye magazeti ya Global Publishers; watu walinunua gazeti kwa ajili ya ukurasa mmoja. Ubora wa simulizi za simu unapanda na kushuka vibaya, uhariri hakuna, na wahusika hubadilika majina sehemu ya kumi na nane. Lakini fedha inafika kwa mwandishi siku hiyohiyo, jambo ambalo wengi wenye vitabu madukani hawawezi kulisema.

Na zile PDF za magrupu?

Tusizunguke. Wengi wanaouliza kuhusu bei chee tayari wamo kwenye grupu la Telegram lenye vitabu elfu, na wanachotaka kujua ni kama kuna ubaya.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kezilahabi alifariki Januari 2020, kwa hiyo vitabu vyake vinalindwa hadi 2070. Kitereza, hadi 2031. Anayeskani *Kichwamaji* na kuimwaga kwenye grupu anakula mali ya familia yenye miaka zaidi ya arobaini ya haki mbele yake. Kitabu cha Steere cha 1870 hakina mwenyewe, kigawe utakavyo. Kati ya hapo, tarehe ya kufa mwandishi ndiyo kipimo cha haraka, na mtafsiri naye huhesabiwa kivyake: riwaya ya Kirusi ya zamani inaweza kuwa huru huku tafsiri yake ya juzi ikiwa na mwenyewe.

Lakini kuna kitabu ambacho kimeisha sokoni, mchapishaji amekufa, maktaba hainacho, na kipo kwenye grupu tu. Hapo sitakuhubiria. Nitakuomba ufanye jambo moja kabla ya kukipakua: mwandikie mwenye haki, kama bado yu hai, au mchapishaji aliyerithi orodha, umwambie unataka kukinunua na uko tayari kulipa kwa simu. Sentensi mbili zinatosha. Wachapishaji wetu huchapa upya kwa kuhisi tu, kwa sababu hakuna anayewaambia watu wangapi wanakitafuta kitabu gani. Wasomaji ishirini wa Kirumba na Igoma wakituma ujumbe kuhusu kitabu kimoja ndani ya mwezi mmoja, mchapishaji aliye ofisini Dar es Salaam atakuwa na hesabu ambayo jana hakuwa nayo.